Mkono Ulioachiwa Njiani

Nina miaka thelathini na sita, ni msusi hapa Durban, na chumba changu cha Berea kina vitanda viwili. Kimoja hakilaliwi na mtu tangu mwaka jana. Najua wengine mtanilaani mkimaliza kusoma... Nilaanini tu, nastahili.

Nililelewa na dada yangu mkubwa, yaya Furaha; kwetu dada mkubwa tunamwita yaya. Tulipokimbia vita kwetu Kongo mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye ishirini, na ndoa yake ilikuwa bado mbichi. Ndiye aliyenifikisha huku. Alinisomesha kwa kusuka vichwa vya watu mpaka vidole vikapinda.

Kanisani kwetu ushuhuda una njia yake. Unasimama, unaeleza jinsi watu walivyokuacha, kisha unamalizia kwamba Mungu hakukuacha. Bila mtu wa kukuacha, ushuhuda haunogi! Siku yangu ya kwanza nilikosa wa kumtaja... Nikasema dada yangu aliuachia mkono wangu katikati ya umati wa wakimbizi, akaenda na mzigo wake. Watu walilia. Mama mchungaji alinikumbatia. Yaya alikuwa akisali kanisa lingine, angejuaje?

Nikaurudia ushuhuda ule mwaka baada ya mwaka. Nikauongezea mvua. Nikauongezea kitenge chake cha njano kikipotelea mbele. Mwishowe, nikifumba macho, nilikuwa naiona picha ile kabisa! Je, huo si ugonjwa?

Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha kina mama wanaoandika maisha yao, kule Glenwood. Mwalimu wetu, binti wa Kitanzania anayesoma chuo, alituambia kila mmoja aandike kwa sauti yake, na aandike kilicho kweli hata kama hakipendezi. Nikaandika ushuhuda wangu neno kwa neno. Aliniuliza taratibu kwa nini dada wa kwenye hadithi hana hata sura, ilhali kandambili zangu nimezieleza mpaka mikanda yake. Nilinuna. Yeye alikuwa wapi wakati wa vita?

Siku ya kusoma mbele ya wageni nilimwalika yaya. Mnashangaa? Hata mimi nashangaa! Nilikuwa nimeuamini uongo wangu kiasi cha kudhani naye anakumbuka hivyo hivyo, na kwamba nikimsamehe mbele ya watu atafurahi. Alifunga kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele. Nilisoma hadi mwisho. Wageni walipangusa machozi, ila yaya alitazama mikono yake tu.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye robot, taa za barabarani za huku, iliwaka kijani, wenzetu wakavuka, yeye akabaki amesimama.

"Ni miye nilikuachaka?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba ndivyo ninavyokumbuka.

"Ulivuta mukono, ukarudia kandambili yako. Nilikutafuta siku mbili. Lori ya bwana yangu ikaenda."

Papo hapo nikakumbuka... mkanda uliokatika, na vidole vyangu vikichomoka katika vyake. Mume wake alikuwa kwenye lori lile, na yaya hajamwona tena mpaka leo. Miaka yote hiyo hakuwahi kunilaumu hata siku moja! Na mimi nilikuwa nikimsingizia mbele ya kanisa zima.

Wiki ile ile alihamia Cape Town kwa rafiki yake. Nikimpigia hapokei. Ujumbe wa sauti ninaomtumia anausikiliza, naona, lakini hajibu. Majuto ni mjukuu, na wangu nalala naye chumba kimoja.

Jumapili moja nilisimama kanisani nikasema kweli yote. Hakuna aliyelia. Mtu mmoja alikohoa, kisha mama mchungaji akaomba anayefuata asimame. Nilirudi nyumbani nikasonga fufu, ugali wa kwetu, na kwa mazoea nikasonga ya watu wawili.

Ndugu zangu, mkisimulia maisha yenu, msimsukume mtu shimoni ili ninyi muonekane mmeokolewa. Mungu hahitaji umsingizie dada yako ndipo aonekane mwema. Na ukiona kumbukumbu yako inakupendelea wewe kila mara, ishuku! Muulize mwenzako mliyekuwa naye, ungali naye.

Yaya, huenda mtu atakusomea haya. Mkono niliuachia mimi.