Taa Nyekundu Haikuwaka

Siku ya gulio, stendi ya Lushoto haina adabu. Makabichi yanapita juu ya vichwa vya watu, kuku wanalalamika kwenye matenga, utingo anaita "Soni! Bumbuli! Soni!" utadhani watu wa Bumbuli wote ni viziwi. Katikati ya vurugu hiyo Mwamvita aliona sanduku la mbao limekaa peke yake ukutani, akalikalia. Miguu ilikuwa inamuuma. Alivaa gauni la kitenge la kijani, kanga mpya mabegani kwa ajili ya baridi, na kikapu cha peasi mapajani.

"Dada, samahani. Umekalia sakiti breka."

Aliinua macho. Kijana mrefu, shati la maua lenye kola ndefu, suruali ya bugaluu inafagia vumbi, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Ukungu wote ule, na vifungo vya juu kaviacha wazi! Watu wa Tanga, bwana.

"Nimekalia nini?"

"Sakiti breka. Swichi kubwa ya feni za kiwanda. Umeme ukienda vibaya inajikata yenyewe, mashine zisiungue. Nimeibeba tangu Tanga kama mtoto mchanga. Nimegeuka kununua sigara tu, nakuta imepata malkia."

"Mwenye mtoto mchanga hamwachi stendi akafuata sigara."

Kijana akacheka mpaka utingo akageuka. "Naitwa Darweshi. Fundi umeme. Naipeleka Kwemisambia, kiwanda cha chai."

Mwamvita akasimama, akajikung'uta gauni. "Basi tunakwenda pamoja. Mimi ndiye mwangalizi wa mashine za kukanda chai pale."

"Wewe? Mwanamke?"

"Mimi. Mwanamke. Una neno?"

"Sina neno, mamaa. Nina sanduku. Nishikie upande mmoja."

Wakalishika, huku na huku, wakalipandisha basi. Ndivyo yalivyoanza, na ningependa yangeishia pale pale stendi, kila mtu akashika njia yake. Lakini nani aliniuliza?

Mjue kwanza kwamba kazi ile ya Mwamvita haikuwa mchezo. Ulikuwa mwaka wa vijiji vya ujamaa, kila mkutano unasema wanawake nao washike mitambo, na Kwemisambia wa kwanza kushika alikuwa yeye. Mama yake, Bi Mwanahawa, mkulima wa chai, alikuwa haendi bombani bila kulitaja jambo hilo. Heshima ya nyumba nzima ilikaa kwenye kazi ile.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Majani mabichi hunyaushwa ghorofani, juu ya vitanda virefu vya wavu, feni kubwa zikiyapuliza. Feni zikisimama na mtu asijue, majani yanapata joto, yanachacha, yamekwisha. Juu hakai mtu, na Mwamvita alikuwa chini, kwenye kelele za mashine, asingeweza kuzisikia feni. Ndiyo maana breka mpya ilikuja na kiswichi kidogo, ukubwa wa kiberiti, cha kupachika ndani yake. Breka ikijikata, kiswichi kinabonyezwa, taa nyekundu inawaka mbele ya mwangalizi. Akiiona anapiga kengele, watu wanapanda mbio.

Darweshi alikipachika Jumamosi moja ya mvua. Umeme ulikuwa umezimwa, kwa hiyo Mwamvita alimshikia tochi.

"Tazama hapa, laazizi. Mikono mitatu, kila njia ya umeme na mkono wake. Lakini fimbo moja imeifunga yote. Mmoja ukianguka, yote inaanguka. Hauachwi mmoja ukasimama."

"Kwa nini?"

"Mashine ikibaki na njia mbili inaungua." Akamtazama usoni. "Mimi na wewe tuwe hivyo. Ukianguka, naanguka."

"Fundi, fanya kazi," alisema Mwamvita, lakini tochi alikuwa anammulika yeye usoni, si breka.

Ndani ya breka kulikuwa na vitundu viwili vya kukalia kiswichi, kulia na kushoto, vimefanana kabisa. Ulimi wa kukibonyeza uko kulia tu. Cha kushoto ni cha kifaa kingine. Darweshi alijua, tena vizuri. Ila macho yake yalikuwa kwenye mkono ulioshika tochi. Akakisukuma kushoto, akakaza skrubu.

"Mbona hakikulia 'ta' kama ulivyosema?"

"Kimelia. Hukusikia kwa mvua."

"Tukijaribu taa basi?"

"Jumatatu, mpenzi. Leo kuna dansi Lushoto, basi litatuacha." Akafunga kifuniko, akatia kufuli kwenye sanduku la swichi, ufunguo mfukoni. Ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa fundi.

Wakaenda dansi. Mwamvita alivaa gauni la waridi aliloazima kwa Yudith, karani wa ofisini, na alicheza mpaka viatu vikamchubua. Jumatatu ilipofika, nani alikumbuka taa? Si yeye, si fundi.

Wakapendana, jamani. Darweshi akisafiri Tanga, alipiga simu ofisini eti anaulizia mitambo. Yudith alishazoea.

"Mitambo haijambo, shemeji. Inakusalimu. Leo imevaa gauni la bluu."

"Niitie huo mtambo niongee nao!"

Mwamvita alikuwa anapanda ngazi mbio, anashika simu huku anahema, na Yudith hatoki, anajifanya anapiga taipu.

Halafu ikaja masika, na majani yakafurika. Asubuhi moja njia moja ya umeme ikaharibika, breka ikajikata kama inavyotakiwa, na feni zote zikasimama. Taa haikuwaka. Mwamvita aliitazama kila alipopita, naye akaendelea na kazi kwa amani. Mchana ukapita. Alasiri ndipo harufu ikashuka ngazi, harufu chachu, na alipofika juu akakuta vitanda vyote vimegeuka rangi ya udongo na vinafuka joto. Mavuno ya vijiji vyote, pamoja na ya mama yake, yalitolewa kwa toroli yakamwagwa bondeni. Kina mama waliochuma kwenye mvua walisimama uani na vikapu vitupu mgongoni wakiangalia. Wengine walilia.

Kesho yake kamati ya wafanyakazi ikaitisha mkutano. Mwenyekiti alikuwa Mzee Saidi, mtu wa haki lakini mkali.

"Ndugu Darweshi, wewe ndiye fundi. Taa iliwaka au haikuwaka?"

Darweshi alikuwa ameshafungua lile sanduku asubuhi ile kurudisha umeme. Alikiona kiswichi kimekaa kushoto. Akafunga kifuniko, akatia kufuli. Wiki ile ile alikuwa amepata habari kwamba amechaguliwa kwenda kusoma ng'ambo. Akatazama viatu vyake.

"Breka ilijikata sawasawa. Kiswichi nilikipachika kwa mkono wangu. Taa lazima iliwaka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... labda mwangalizi alipitiwa na usingizi."

Mwamvita akageuka. Alimkodolea macho Darweshi, akamngoja. Alijua sasa hivi atainua uso, atasema, hapana ndugu zangu, hatukuijaribu, tulikimbilia dansi, kosa ni langu. Alingoja mpaka Mzee Saidi akamuuliza kama ana la kusema, naye bado anamtazama fundi. Nyuma mtu akanong'ona, "Alikuwa anaota bugaluu," watu wakaguna. Akavuliwa kazi, akapelekwa shambani kuchuma majani.

Nyumbani Bi Mwanahawa hakumfokea. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mwanangu, ulilala?"

"Sikulala, mama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa namngoja yeye aseme."

Mama akafunika chungu, akatoka nje. Kuanzia siku ile bombani alikwenda alfajiri, watu wakiwa bado hawajaamka.

Baada ya siku chache Darweshi alimfuata shambani, doti ya kanga mkononi, bugaluu imelowa umande mpaka magotini.

"Laazizi, nisamehe. Kiswichi nilikitia kitundu cha kushoto, taa isingeweza kuwaka, na ningesema kweli wangenifutia safari ya masomo. Nimeshamwambia baba mdogo alete posa kwenu. Nikirudi kutoka ng'ambo tutaishi Tanga, hakuna atakayekumbuka majani."

"Mama yangu atakumbuka." Mwamvita hakuacha kuchuma. "Asubuhi ile ya mkutano, ulikiona kimekaa kushoto?"

Darweshi akaikunjua ile doti, akaikunja tena.

"Darweshi, ulikiona?"

"Nilikiona."

Mikono ya Mwamvita ikasimama kwenye majani. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mkutano, kwa sababu siku ile bado alidhani labda Darweshi hajui.

"Umenichuuza. Umenichuuza mbele ya mama yangu, na unaniletea kanga! Mikono mitatu, fimbo moja. Nani aliyasema yale?"

"Mimi."

"Basi sikiliza. Ulinivunjia jina mbele za watu, kalirudishe mbele za watu. Jumatatu kamati inakutana. Ukisema, hata ukifukuzwa, hata tukalime kabichi Magamba, nakubali posa. Usiposema, mwambie baba mdogo asijisumbue kupanda mlima."

"Nitasema. Haki ya Mungu, Jumatatu nitasema."

Na Mwamvita aliamini, masikini! Jumatatu alivaa lile gauni la kijani la stendi, akaketi mbele kabisa. Mkutano ukaanza, kiti cha fundi kitupu. Yudith ndiye aliyekuja kumwambia sikioni: Darweshi alipanda lori la asubuhi, ufunguo kauacha ofisini.

Mwamvita hakulia. Alisimama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Naomba breka ifunguliwe, watu wote wakiona. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake tangu siku ya kwanza. Kiswichi cha taa kikiwa kulia, mimi nililala. Kikiwa kushoto, taa isingewaka hata ningekesha nikiitazama."

Umeme ukazimwa. Hezekia, fundi mpya aliyeletwa kutoka Lushoto kushika nafasi ya Darweshi, akafungua kufuli, Mwamvita akashika tochi tena. Safari hii aliimulika breka, basi.

"Kiko kushoto," alisema Hezekia.

Akakihamishia kulia. *Ta!* Kililia mpaka nyuma wakasikia. Umeme ukarudishwa, Hezekia akaikata breka kwa kidole, na kule chini, mbele ya kiti cha mwangalizi, taa nyekundu ikawaka. Bi Mwanahawa akapiga kigelegele kimoja kikubwa, halafu akajifunika uso kwa kanga.

Siku Mwamvita alipoitwa ofisini kurudishiwa kazi, Mzee Saidi ameketi pale, simu ikalia. Yudith akapokea, uso ukambadilika. "Yuko Dar," alinong'ona.

Mwamvita akaishika.

"Laazizi, ni mimi. Ndege ni kesho. Sikulala, nakuota wewe tu. Nimekosa, mpenzi. Kosa lote ni langu, najua, najua."

Sauti ile ile. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, nisiseme uongo. Kama angekuwa mbele yake, sijui. Darweshi hakuwa na habari kwamba breka imefunguliwa. Bado nafasi alikuwa nayo, nzima.

"Darweshi, bado unanipenda?"

"Kuliko roho yangu!"

"Basi Mzee Saidi yuko hapa, ameketi. Nampa simu. Hilo ulilonieleza sasa hivi, mweleze yeye. Neno moja tu, nami nitakungoja hata miaka yote ya masomo yako."

Akaitoa simu sikioni, akaielekeza kwa mzee. Mzee akanyoosha mkono, akasikiliza. Yudith aliacha kupiga taipu. Kisha mzee akamrudishia simu taratibu bila kumtazama, na Mwamvita akasikia mvumo mtupu, halafu sauti ya mtu wa posta.

"Bado mnaongea, ndugu?"

"Hapana, ndugu. Ahsante."

Yudith hakuweza kuvumilia. "Kasemaje?"

"Hajasema," alijibu Mwamvita. Akaweka simu chini, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akashuka kwenye mashine zake.