Vidole vya Baba

Kila jioni Scola alirudi kutoka shule, akavua sare, akanywa uji, kisha akavaa helmeti. Wasichana wenzake wa mtaa wa Gungu walikuwa wakicheza rede. Yeye alifuatana na baba yake hadi uwanja wa vumbi nyuma ya mji mdogo wa Mwandiga, katikati ya michikichi, kufanya mazoezi ya mbio za pikipiki ndogo za watoto.

Baba yake, Nehemia, alikuwa fundi pikipiki. Ujanani alitamani sana kushindana asipate nafasi, basi hamu yote akaimwaga kwa binti yake wa miaka kumi na miwili. Wazazi wengine nao walikuwa wale wale: walipiga kelele pembeni mwa uwanja hadi sauti zikawakauka. Kwa kuwa injini zilimeza maneno, Nehemia alisimama kando ya kilima cha kurukia na kumwongoza Scola kwa vidole. Kidole kimoja, shika breki. Vidole viwili, vuta mafuta uruke.

Jumatatu Scola alianguka pale kilimani, kichwa kikagonga ardhi. Aliponyanyuka aliona baba zake wawili, wote wana ovaroli yenye grisi, wote wanamkimbilia.

"Umeumia?"

"Hapana, Baba."

"Safi! Bingwa halii, mwanangu. Haya, panda."

Alipanda, afanyeje? Mashindano yalikuwa Jumamosi, na Baba alishatamba Gungu nzima kwamba kombe ni la binti yake. Lakini Scola aliogopa, tena aliogopa sana. Kichwa kilimuuma, chakula kilimtia kichefuchefu, na kila kitu alikiona kama viwili. Asubuhi moja mama yake, Leonia, aliyeuza dagaa soko la Kibirizi, alimkuta akimimina chai nje ya kikombe.

"Yoo mawe! We Scola, una nini?"

"Usingizi tu, Mama."

Kisha akagundua ujanja. Akifumba jicho moja, kila kitu kilirudi kuwa kimoja. Ndani ya helmeti, nani angemwona?

Ijumaa yalikuwa mazoezi ya mwisho. Elia, mtoto wa jirani yao, alitangulia, akaruka kilima, akapotea upande wa pili. Scola akaja nyuma yake kwa kasi, jicho moja amelifumba. Ghafla vumbi likamwingia, akapepesa, macho yote mawili yakafumbuka. Baba alikuwa ameinua mkono. Scola aliona vidole viwili.

Ni viwili kweli, au ni kimoja? Akifunga breki bure, Baba atamfokea mbele ya watu wote. Akiruka, na kumbe kilikuwa kimoja... Hakutaka hata kumaliza wazo hilo. Akashika breki kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikaserereka, ikalala ubavu karibu kabisa na ukingo wa kilima.

Upande wa pili, pale pale ambapo angetua, Elia alikuwa chini akilia, mguu umebanwa na pikipiki yake.

Watu walikimbia kumtoa. Nehemia alimfikia binti yake akihema. "Ulikuwa unangoja nini kushika breki? Kidole chote hiki hukukiona?"

Scola alivua helmeti. "Niliona viwili, Baba. Tangu nilipoanguka Jumatatu naona viwili viwili."

Nehemia alifungua mdomo agombe. Akamtazama Elia, akautazama ukingo wa kilima, akaketi chini kwenye vumbi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema bingwa halii."

Hospitalini, tabibu Melania alimpima Scola, kisha akawageukia wazazi. "Ubongo wake umetikisika. Angegonga kichwa tena, leo tungekuwa tunaongea mengine. Apumzike, na pikipiki asiiguse mpaka nitakaporuhusu." Elia alitoka na michubuko tu.

Jumamosi ilipita, kombe likaenda kwa wengine. Tangu hapo, kila asubuhi Nehemia aliketi barazani na kuinua kidole kimoja mbele ya Scola. "Vingapi?" Alijibiwa, "Viwili," naye akaenda kazini.

Hadi asubuhi moja Scola aliposema, "Kimoja."

Nehemia alifuta macho kwa mkono wa ovaroli, wala hakujificha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Wewe ulificha, na hilo ni kosa. Lakini aliyekufundisha kuficha ni mimi. Kuanzia leo ukiumia, sema. Ukiogopa, sema. Nisipotaka kusikia, mwambie mama yako, au mwalimu, hadi apatikane mtu mzima wa kukusikiliza. Hakuna kombe linalolingana na kichwa chako."

Scola alimtazama usoni. "Basi nasema, Baba. Kilima kile kinanitisha. Kinanitisha tangu siku ya kwanza."

Nehemia akamvuta karibu.

"Hata mimi, mwanangu," akasema. "Kila uliporuka, nilifumba macho."