Mwanamke wa Jiko Lililochorwa

Sindano ya kwanza iliingia paja la kulia, Elsie akatazama dari. Ya pili ikaingia paja la kushoto, akaendelea kutazama dari. Muuguzi wa kliniki pale Nyamasaria alimsifu, akina mama waliokuwa kwenye benchi wakamsifu pia, na mmoja akasema mtoto wa wiki kumi mwenye moyo huo atakuja kuwa askari. Lorine alicheka nao, maana mtoto akisifiwa mama hakatai. Lakini njiani kurudi nyumbani alikuwa anahesabu siku kwa vidole, na hesabu ikamfikisha Jumatano ya juma lililopita. Tangu Jumatano ile hakuwa amemsikia mtoto wake akilia hata mara moja.

Kadi ya kliniki nayo ilisema jambo ambalo hakuna aliyelisifu. Elsie alikuwa amepungua gramu mia tatu.

Mtoto asiyelia huwafurahisha majirani tu. Mama yake hulala jicho moja wazi. Na huyu Elsie alikuwa mliaji wa kutajwa, kila siku saa kumi na moja jioni alianza, akalia mpaka watu wa ploti wakaacha kusalimu wakawa wanauliza tu, "Bado?" Baba yake, Mathews Wakhisi, alikuwa fundi wa kompyuta, na meza yake ya kazi ilikuwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao ya vyumba viwili. Alijaribu dawa ya tumbo, akajaribu kumtembeza, akajaribu redio. Mama yake, Mama Seline, akamwambia kwa simu kutoka Kimilili kwamba mtoto haumwi, anadai jina. Elsie lilikuwa jina la cheti tu. Kwao Wabukusu, mtoto akilia namna hiyo mzee wa nyumba humpakata, akataja majina ya marehemu wa ukoo moja moja kwa sauti ya chini. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, na marehemu yule amepata wa kumkumbuka.

"Nimalize palizi nije," Mama Seline alisema. "Msijaribu wenyewe. Hiyo si kazi ya watu wa haraka."

Sasa mwambie fundi wa kompyuta asiwe na haraka.

Katika majuma hayo hayo Mathews alikuwa amepata kitu cha kumpoza roho. Familia moja ya Milimani iliyokuwa inahama ilimwita aondoe kompyuta kuukuu stoo, na ndani ya mojawapo akakuta CD ya gemu aliyoicheza utotoni na binamu yake Zadock, katika ofisi ya shule alikofundisha baba yake. Alifurahi mpaka chai ikapoa. Ilikuwa gemu ya watu wenye subira. Hakuna kukimbia, hakuna bunduki. Kuna mtu mmoja mwenye koti la njano, na nyumba juu ya mwamba kando ya maji. Unasogeza mshale kwa kipanya, unabofya droo, maandishi yanakuambia hakuna kitu hapa. Unabofya kabati, unapata ufunguo, unautia kwenye mfuko ulio chini ya skrini. Picha zilikuwa za miraba miraba, na yule mtu alitembea kama aliyevaa viatu vipya vya kuazima. Mathews alimcheka sana, huku moyoni anampenda. Wahenga walisema ya kale hayanuki. Hawakuwa wameingia chumba kile.

Jumatano yenyewe Lorine alitoka kwenda kununua mboga. Mathews alibaki na mtoto mapajani, analia, mkono mmoja ukimbembeleza na mwingine uko kwenye kipanya. Mtu wa koti la njano akaingia jikoni. Kando ya jiko la kuni palikuwa na mwanamke ameketi, amewapa mgongo. Chini ya picha yakatokea maandishi: *Umekuja na nani?* Kisha kisanduku cha kuandika.

Mathews akaandika Elsie. Mwanamke akatikisa kichwa.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na alilichukua kama mzaha. Akaandika jina la shangazi yake marehemu, Nasimiyu, huku akilisoma kwa sauti. Mtoto akaendelea kulia, mwanamke akatikisa kichwa. Akaandika Nekesa. Akaandika Nanjala. Akaandika wote aliowakumbuka wa upande wa baba na wa upande wa mama, mpaka wakamwishia. Maandishi yakabadilika: *Jaribu langu.* Chini yake palikuwa na jina.

Jina hilo silitaji hapa, na ukikutana na mtu anayelijua akakunyima, mshukuru. Mathews alilisoma kwa sauti.

Elsie alinyamaza katikati ya kilio, mdomo bado wazi. Kwenye skrini, mlango uliokuwa nyuma ya jiko ukafunguka. Mathews alipiga meza kwa furaha, na Lorine aliporudi akaambiwa mtoto amelala. Alimshukuru Mungu, maskini, akaenda kukata sukuma.

Siku ile ya kliniki, Lorine alipofika nyumbani alijifungia chumba cha nyuma na mtoto, akamtolea titi. Elsie alililamba kidogo akaliacha. Ilikuwa saa nane mchana, jua linapiga mabati mpaka yanalia, na toka chumba cha mbele ilikuja harufu ambayo Lorine alikuwa ameisikia siku kadhaa akadhani ni ya mtaro: masizi mabichi, na tope la ziwa linapokauka. Kisha akasikia kipanya kikibofya. Elsie akageuza kichwa kushoto. Kikabofya tena, akageukia mlango. Kikabofya mara mbili haraka haraka, na mtoto wa wiki kumi, ambaye shingo yake haikuwa imekaza, akainua kichwa akautazama ukuta.

Lorine akamwita mumewe kwa sauti ya chini, akamwomba aache gemu. Mathews akamjibu kutoka nje, kwenye kamba ya nguo.

Waliingia pamoja chumba cha mbele. Mashine ilikuwa inawaka, na kipanya kimetulia mezani. Jiko lililochorwa lilikuwa pale pale, lakini kando ya yule mwanamke sasa palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu blanketi yenye mistari ya buluu. Lorine aliitazama, akaitazama aliyomfunikia mtoto. Ilikuwa ile ile, hata pale ilipoungua kwa pasi. Mathews, kwa ule ujinga wa mafundi wa kutaka kujaribu kila kitu, alisogeza mshale juu ya dirisha la picha akabofya. Elsie akageukia dirisha lao. Akausogeza juu ya kikapu, akabofya, na mtoto akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye skrini.

"Unamfanyia nini mtoto wangu?" Lorine aliuliza.

Mathews aliogopa. Akafanya kile anachojua kufanya: akaamuru mashine ifute gemu yote. Mstari wa kufuta ukaanza kutambaa taratibu, na ulipofika robo midomo ya Elsie ikaanza kuwa ya kijivu.

"Wacha," Lorine alisema, amemshika mkono kwa nguvu. "Wacha, Mathews, hapumui."

Akaacha. Mtoto akavuta pumzi. Mathews akachomoa waya ukutani, na skrini ikaendelea kuwaka bila umeme, na yule mwanamke, aliyekuwa amewapa mgongo siku zote hizi, alikuwa amegeuka kiasi cha kuonyesha shavu.

Mathews alimpigia Zadock Nairobi. Alimuuliza kama anakumbuka yule mama wa jikoni kwenye gemu yao.

"Mama gani, boss? Hakukuwa na mtu hapo jikoni. Si ndio maana tulikwama, hakuna mtu, hakuna mlango." Zadock akashusha sauti. "Anawaambia nini?"

Mathews akamsomea maandishi.

"Kwa Kiswahili?" Zadock akauliza. "Mathews, hiyo gemu ilikuwa ya Kizungu yote."

Walipompigia simu, Mama Seline aliacha palizi. Alifika kesho yake saa tisa, mvua ikiwa imeshafunga upande wa ziwa. Hakukubali chai. Alimshika mjukuu wake, akampima uzito kwa mikono, akaingia chumba cha mbele akasimama mbali na mashine. Hakuwahi kushika kipanya maishani mwake, na hakuhitaji kuelezwa. Akamuuliza mwanawe alimwita nani. Mathews alipofungua mdomo, akamzuia kwa kiganja.

"Usirudie. Huyo hana watu. Ama alikufa bila mtu wa kumwita, ama hajawahi kuwa mtu, mimi sijui. Lakini wewe ulimwita, na mtoto akaitika. Jina si chaki ati utafuta."

"Sasa, Mama, tutafanya nini?" Lorine aliuliza.

"Mtoto lazima alie. Akilia kwa jina yetu, ni wetu. Asipolia leo, hapana. Ona vile amekuwa mwepesi."

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, mtoto mapajani, akaanza kuita. Aliwaita wa ukoo wa marehemu mumewe, akawaita wa ukoo wake, wanawake kwa wanaume, na mvua ikaanza kupiga mabati, na kila alipotaja jina kipanya kilibofya kana kwamba kinamkatiza, kwanza polepole kisha haraka kuliko kidole chochote, na kila kilipobofya kichwa cha Elsie kiligeuka huku na huku, macho makavu, mdomo umefungwa, na ile harufu ya masizi na tope ikajaa mpaka Lorine akawa anapumulia leso, na Mathews, aliyeganda mbele ya meza, akaona yule mtu wa koti la njano anatembea bila kuongozwa na mtu, akainama kando ya jiko, akakinyanyua kikapu, akaanza kwenda nacho kwenye ule mlango wa nyuma, na ng'ambo ya mlango hapakuwa na chumba, palikuwa na maji meusi yasiyo na mwisho, na yule mwanamke alikuwa ameinuka kitini anageuka, anageuka, na uso aliokuwa analeta haukuwa wa miraba miraba tena.

Maandishi yakatokea: *Umekuja na nani?*

Mathews alikalia kiti chake. Alijua sasa kwamba lazima mtu mmoja wa nyumbani mwake alichukue jina lile atoke nalo, na kwamba yeye ndiye aliyelileta. Aliandika: *Nimekuja peke yangu.* Mtu wa koti la njano akasimama mlangoni. *Wewe nani?* maandishi yakauliza. Lorine alikuwa nyuma yake, akaona herufi moja moja zikiingia kisandukuni. Halikuwa jina la Mathews, lilikuwa lile la mwanamke wa jikoni.

Wakati ule ule Mama Seline alikuwa amefika mwisho wa marehemu wake. Alikuwa amebakiza mmoja tu, na kwa miaka arubaini hakuwa amemtaja mbele ya mtu yeyote, hata mwanawe hakujua kwamba aliwahi kuwa na dada. Alimwinamia mtoto sikioni.

"Nabwire," alisema. "Nabwire wangu, ulienda kabla ya meno. Kama ni wewe, lia."

Elsie alilia.

Alilia kwa hasira ya siku tisa, uso umekunjamana, mateke yanaruka. Skrini ikazima. Lorine alimnyakua akampa titi, na mtoto akanyonya huku akiguna, na Mama Seline na mkwewe wakakumbatiana sakafuni wakilia pamoja naye, hata mvua ikaonekana kitu kizuri. Harufu ilikuwa imekwisha. Mama Seline aliitoa CD akaichoma nje kwenye jiko la makaa mpaka ikawa uji mweusi, na mtoto hakukosa hata pumzi moja.

Kisha wakakumbuka kwamba Mathews hajasema kitu.

Alikuwa amekaa vile vile, mikono mezani, anaitazama skrini iliyozima. Lorine alimwita. Alimgusa bega, lilikuwa na joto la kawaida. Alimwita tena kwa sauti kubwa, na hakupepesa.

"Usijaribu ile jina ingine," Mama Seline akamwambia, na hakuwa na haja ya kueleza ni ipi. "Hata ukiona ananiacha, hata ukiona anakuacha. Mwanangu amejua alichofanya. Hiyo jina ikose mtu wa kuiita, itakufa yenyewe."

Daktari alisema ni uchovu wa akili. Mchungaji aliomba, akatoka na jasho. Mathews alimeza uji ukitiwa mdomoni, siku ya pili akaacha kumeza, siku ya tatu maji yakawa yanamtoka pembeni mwa midomo. Elsie aliongezeka, alilia, alinyonya, alianza hata kucheka akiitwa Nabwire. Lorine alimtazama mmoja akinenepa na mwingine akiisha ndani ya chumba kimoja, na aliwapenda wote wawili, na hilo halina dawa.

Siku ya nne mchana Mama Seline alienda kuchota maji. Lorine alipiga magoti mbele ya kiti, mtoto begani. Alimwita Mathews. Alimwita Baba Elsie. Alimwita kwa jina la utani la enzi za uchumba ambalo hata mimi nitamhifadhia. Midomo ya mumewe ilikuwa imepasuka, na pumzi zilikuwa zinakuja mbali mbali. Lorine akasogea karibu kabisa, akafumba macho, akalinong'ona lile alilolisoma akiwa nyuma ya bega lake.

Aligeuka papo hapo. Alimtazama Lorine kwa upole, akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto wangu," akasema.