Vitabu Arobaini na Kimoja vya Mwalimu Mithika

Sanduku lilikuwa tupu.

Inspekta Ireri alipiga magoti kando ya kitanda, akalitazama mpaka macho yakamuuma. Humo ndimo vilimopaswa kuwa vitabu arobaini na kimoja, vyote chapa za kwanza: vya wanazuoni wa Ulaya walioanza kuichunguza jamii kama daktari anavyomchunguza mgonjwa, na vya wengine waliothubutu kuuliza kama binadamu anaweza kuishi kwa wema bila dini. Mwalimu Mithika alivikusanya kwa miaka kumi na tisa. Kimoja alikipata kwa kutoa fahali mzima, kwenye mnada wa shamba la Mzungu huko Kiirua, na Githongo yote ikamcheka.

Sasa hakuna aliyecheka. Mwaka ule wa 1955, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, Mwalimu alikamatwa Jumatatu kwenye kizuizi cha barabara akiwa na daftari. Ndani mlikuwa na majina ya kigeni, mwaka na mji. Bwana DO, mkuu wa tarafa, aliona ni orodha ya Mau Mau, maana wapiganaji wa msituni nao walijipa majina ya kigeni. Mithika akaapa kwamba ni waandishi, na miaka na miji vitabu vyao vilikochapwa. Dawa ilikuwa moja tu: kulinganisha daftari na vitabu. Leo Alhamisi, Ireri alikuwa amepewa hadi saa tisa alasiri kuvileta. Baada ya hapo, Mithika angepandishwa lori la kizuizini, na wengi waliolipanda hawakurudi.

Ireri alimwamini yule mzee mkaidi. Kusema kweli, alimpenda.

"Wezi waliingia lini, mama?" alimuuliza Karwirwa, mke wa Mwalimu.

"Jumanne. Nilikuwa kwa kazi ya mtaro."

"Wakachukua nini kingine?"

"Vitabu tu."

"Blanketi wakaacha?"

"Wakaacha."

"Na hiyo saa ya ukutani?"

Karwirwa aliitupia saa jicho, kisha akainamisha kichwa. Mwizi wa kuacha blanketi katika baridi ya Meru akabeba falsafa! Ireri hakuwahi kukutana naye katika miaka yake yote ya upelelezi.

Aliokota kufuli. Lilikuwa limepondwa kwa jiwe, lakini mbao za sanduku hazikuwa na hata mkwaruzo. Lilifunguliwa kwa ufunguo kwanza, likapondwa baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako, Ireri aliwaza, na wazo hilo halikumfurahisha.

Kijiji kilizungukwa na mtaro wenye miti iliyochongwa, na lango lilikuwa moja. Hapo alisimama homugadi, mgambo wa kulinda kijiji, aitwaye Koome.

"Jumanne nani alitoka na mzigo?"

"Hakuna, afande. Hapa hata kikapu cha viazi natia mkono mpaka chini."

"Vitabu arobaini?"

"Labda viote mabawa."

Basi vilikuwa ndani ya kijiji bado. Ireri alirudi, akazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye migomba, mahali akina mama humwaga jivu. Akachokora kwa kijiti. Jivu la kuni ni laini. Hili lilikuwa na tabaka nyembamba nyeusi, nyuzi za kushonea, na kona moja ya ngozi iliyoungua. Aliitia kona ile kwenye bahasha ya vielelezo.

Alimkuta Karwirwa ameketi palepale. Akaiweka bahasha mbele yake.

"Nani alivichoma, mama?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Walipomchukua nikajua watarudi kupekua. Jirani yetu alipelekwa kizuizini kwa sababu ya kitabu cha nyimbo tu, Bwana Inspekta. Nyimbo! Na hivi, Mwalimu mwenyewe aliniambia vinasema mtu anaweza kukaa bila Mungu. Kanisani tunaambiwa kila Jumapili, mwenye kula kiapo cha Mau Mau ndiye amemkataa Mungu. Mimi Kiingereza sijui. Nikaona ndicho kiapo chenyewe, kimeandikwa. Nikavichoma chini ya sufuria ya muthere wetu wa mahindi na maharagwe, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Kufuli nikaponda ili akirudi asijue ni mimi." Akainua macho. "Si watamwachilia sasa? Hawajapata kitu."

Ireri alitamani kesi hii angepewa mtu mwingine. Alimweleza polepole habari za daftari.

"Hata kimoja kingemsaidia?" aliuliza Karwirwa.

"Hata kimoja, mama."

Hapo ndipo Karwirwa alipoanguka chini.

Ireri alimpeleka kwa Bwana DO, naye mama akaungama yote. "Asiye na hatia hachomi," alisema DO, akatia sahihi hati ya kumpeleka Mithika kizuizini. Maji yalikwisha kumwagika.

Saa tisa, Mithika alitolewa mahabusu akiwa na pingu. Karwirwa alijibana kwenye seng'enge.

"Ni mimi nilivichoma, Mwalimu. Niliogopa watakuua."

"Vyote, mama Gacheri?"

"Vyote."

Mzee alifumba macho. Midomo ilimcheza kama mtu anayetaja majina, jina baada ya jina. Ireri alijiandaa kusikia laana, na moyoni hakuona wa kumlaumu mzee akilaani.

"Basi ulikaa na hofu hiyo peke yako siku hizi zote," Mithika alisema hatimaye. "Pole, mama. Pole sana."

Askari walimsukuma, akapanda. Lori likaondoka. Inspekta Ireri alimshika Karwirwa mkono asianguke, na wote wawili walikuwa wanalia.