Chuma Kilipozidi Mwilini

Mama Vifungo alikuwa mshonaji. Alipewa jina hilo kwa sababu kifungo alichoshona yeye hakikudondoka. Mume wake alikuwa amefariki, nao hawakujaliwa watoto. Aliishi peke yake katika chumba kilekile alichofanyia kazi. Wateja waliingia, wakapimwa, wakaondoka. Jioni alikula huku redio ikiongea. Wakati mwingine aliijibu.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyeishi mji mwingine. Tangu wamzike mama yao, simu zilipungua, kisha zikakatika. Hawakugombana. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Mwaka huo mwili ulianza kumsumbua. Aliamka amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Vifundo vya vidole vilimuuma, hata kutunga uzi kwenye sindano kukawa kazi.

"Ni damu tu imepungua," alijiambia. Akanunua vidonge vya kuongeza damu. Alipoona hapati nafuu, akazidisha. Hakuwa na mtu wa kumwambia acha.

Siku moja jirani yake, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake. Alimkuta amelaza kichwa juu ya cherehani.

"Mama, unaumwa?"

"Uchovu tu, mwanangu. Nameza vidonge vya damu."

"Nani alikupima?"

"Nipimwe nini tena? Mtu akichoka, si damu imepungua?"

Muuguzi akavuta kiti, akaketi.

"Si lazima, mama. Vidonge hivyo ni vya madini ya chuma, na chuma mwilini ni kama chumvi kwenye mboga. Ikipungua, tabu. Ikizidi, tabu vilevile. Ukipungukiwa na chuma unachoka. Kikikuzidi, unachoka pia. Huwezi kujua kwa kukisia. Hebu viache vidonge hivyo, kesho twende ukapimwe damu."

Majibu yalipotoka, daktari alimwita.

"Mama, una chuma kingi kupita kiasi."

"Makubwa! Nimekaa na cherehani mpaka nimekuwa cherehani."

Daktari alicheka, kisha akaeleza taratibu.

"Kuna watu wanazaliwa hivyo. Mwili wao unafyonza chuma kingi mno kutoka kwenye chakula, na hauna njia ya kutoa kinachozidi. Kinarundikana kwenye ini, moyo na viungo. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza kiasi. Hedhi ikikoma, kinazidi kujaa."

"Na vile vidonge vyangu?"

"Vilikuongezea mzigo. Lakini usije ukawakataza wengine. Mtu aliyepimwa akaonekana amepungukiwa, au mjamzito aliyeandikiwa, anavihitaji."

"Sasa nitapona?"

"Tutakutoa damu kwa vipindi, hapahapa hospitali; siku hizo unywe maji mengi kabla ya kuja. Mwili ukitengeneza damu mpya, unatumia kile chuma kilichorundikana. Na pombe usiguse, inaumiza ini."

"Hiyo siijui."

"Vizuri. Una ndugu wa kuzaliwa naye?"

Mama Vifungo aliangalia vidole vyake.

"Ninaye mmoja."

"Hali hii hurithiwa. Naye apimwe, hata kama hajisikii vibaya. Ikigundulika mapema, ini linaokoka."

Nyumbani alikaa na simu mapajani. Baada ya kimya chote kile, ampigie kumpa habari ya ugonjwa? Chai yake ilipoa. Aliwaza ini la mdogo wake. Akapiga.

"Dada?" Mdogo wake alipokea mara moja. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mdogo wangu, vidole havikuumi?"

"Nani kakwambia?"

Mama Vifungo akamweleza yote. Alipomaliza, alisikia mtu anavuta kamasi.

"Nilidhani umenisahau," mdogo wake akasema.

"Na mimi nilidhani hivyohivyo."

Mdogo wake alipimwa. Chuma chake kilikuwa kimezidi, lakini ini lilikuwa halijadhurika. Akaanza naye matibabu. Baada ya miezi kadhaa, uchovu wa Mama Vifungo ulipungua sana. Vidole viliendelea kumuuma kidogo, ila kazi aliimudu.

Bado aliishi peke yake, na kuna siku chumba kilikuwa kimya mno. Lakini kila siku ya kutolewa damu, simu iliita kabla hajafungua mlango.

"Dada, umekunywa maji ya kutosha?"

"Nimekunywa."

"Muongo wewe. Kunywa nikikusikia."

Mama Vifungo alijaza kikombe, akakisogeza karibu na simu, akanywa maji yote kwa sauti.