Aliyeinua Chungu cha Mababu

Zama zile Uchina haijawa nchi moja, falme zikimezana, mji mdogo wa Heshan ulijivunia kitu kimoja: chungu cha shaba nyeusi chenye miguu mitatu, walichopikia nyama ya kuwatambikia mababu. Kilikaa hekaluni juu ya jukwaa la mawe. Kikiondoka pale, walisema, ufalme umekufa. Na atakayekiondoa auawe.

Kuo, mchinja ng'ombe wa sadaka, jitu la mtu, aliijua sheria hiyo tangu utotoni.

Jeshi la Tuo, ufalme jirani, lilipokuja kukitwaa chungu hicho, watu wa Heshan waliwatupia mawe kutoka ukutani hata yakaisha. Ndipo gogo la adui likapasua lango. Kuo alisimama kwenye ufa na shoka lake la kuchinjia, akawapasua vichwa walioingia kwanza, damu ikamrukia mpaka kinywani. Kando yake mdogo wake, Ren, aliegemeza bega kwenye ubao uliosalia, mkuki umemtoboa paja.

"Kaka, naishiwa nguvu!" Ren alilia. "Leta chochote kizito!"

Kuo aligeuka, akakimbilia hekaluni. Kizito kilikuwa kimoja tu mji mzima.

Mlangoni mwa hekalu alisimama Mtawala Bo, mzee wa joho jeusi, upanga mkononi.

"Usithubutu, Kuo. Kikitoka, ufalme umekwisha."

"Mtukufu, tukiisha sisi, nani atawapikia mababu?"

Akamsukuma kando. Aliinama, akashika masikio mawili ya chungu, akavuta. Mifupa ikalia. Damu ikamchuruzika puani. Mguu wa kwanza ukainuka, wa pili, wa tatu. Alishuka ngazi nacho kifuani, akipiga kelele kama ng'ombe aliyechinjwa kwa kisu butu, akamvuta Ren kwa mkono mmoja na kukiachia chungu ufani. Kikawaponda watu watatu wa Tuo, kikaziba njia. Waliokwisha kuingia walichinjwa uani. Waliobaki nje walirudi kwao.

Usifikiri Kuo alivishwa taji. Jioni alipigishwa magoti mbele ya hekalu tupu.

"Ametuokoa, Mtukufu!" Ren alisihi, akijiburuta chini.

Bo alikuwa akilia waziwazi, mzee wa watu. "Najua, mwanangu. Sheria ni msumeno."

"Nyamaza, Ren," Kuo alisema. "Funga jeraha lako."

Shoka lililomkata shingo lilikuwa lake mwenyewe.

Kesho yake wanaume ishirini, kwa kamba na magogo, walihangaika kukirudisha chungu jukwaani. Mmoja akahema, "Yule bwana alikuwa na nguvu za kuinua chungu!" Neno likashika. Likavuka mito, likawa sifa ya kila mwenye misuli.

Miaka mingi baadaye, katika sherehe ya mieleka, watu walimpigia kijana mshindi makofi wakiimba: nguvu za kuinua chungu! Mzee mmoja aliyechechemea hakupiga makofi. Alimtazama kijana yule shingo, akaondoka.