Breki ya Abiria

Jamaa yangu mmoja ni fundi wa kompyuta za injini, na haya yalimkuta mchana kweupe. Mteja alileta gari litolewe kikomo cha mwendo.

"Marehemu mke wangu ndiye aliyenilazimisha nilifunge kwenye themanini," mteja alisema. "Nikikimbia kidogo tu, alikuwa akikanyaga breki isiyokuwepo, hukohuko kwenye kiti cha abiria." Akamwigiza, kisigino kikipiga sakafu, macho kayakodoa. Fundi akavunjika mbavu.

Mteja akatoka nje kupiga simu. Fundi alifunga mlango wa gereji ili mwanga usimsumbue kusoma laptopu, akaketi kwenye usukani gizani, akachomeka waya, akaanza kuingiza programu mpya. Feni ya laptopu ilikuwa ikivuma. Kisha akasikia du, du, du, kwenye zulia la upande wa abiria.

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye skrini, mstari wa breki ulisomeka: imekanyagwa. Miguu yake mwenyewe alikuwa ameirudisha nyuma, chini ya kiti.

Angeweza kuacha kazi palepale. Lakini alichotaka ni kitu kile kitoke gerejini kwake, kiondoke na mwenye gari. Akasubiri programu imalizike, akafungua mlango, akamkabidhi mteja ufunguo.

"Sasa hakuna wa kukuzuia, kaka," akamwambia.

Gari liliondoka kwa kishindo. Fundi alisimama mlangoni akilitazama likizidi kushika kasi kwenye barabara iliyonyooka, taa za breki zikiwaka na kuzimika, zikiwaka na kuzimika, na mwendo haupungui hata chembe.